Waliotarajiwa Kuondoka: Historia ya Kuuguza Wazee Mikindani

Ukizisoma ripoti za serikali ya kikoloni juu ya wafanyakazi wa Mombasa utamkuta kuli wa bandarini, utamkuta kibarua wa kutwa, utamkuta mgomaji. Mzee ni nadra kumwona. Mji wenyewe ulipangwa kana kwamba hatakuwepo. Mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa tumbo moja tu, la mwanamume aliyemwacha mke kwao, anayelala katika chumba cha kugawana na wenzake. Akishachoka mgongo atapanda gari moshi arudi Ukambani, Taita, Nyanza au kokote alikotoka, na huko shamba na jamaa vitamlea hadi siku yake ifike.

Hesabu hiyo iliwachosha watu mapema. Januari 13, 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, relini, mahotelini na hata majumbani mwa Wazungu, mji ukasimama kwa siku 12. Kiongozi wao, Chege Kibachia, akapata jina hapo. Walichodai kilikuwa mshahara na makao, lakini chini yake palikuwa na jambo jingine: wengi wao hawakuwa wapita njia tena. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ya mishahara ya Waafrika ilikubali kwamba malipo ya mjini yanapaswa yamtoshe mtu pamoja na familia yake. Hata hivyo familia iliyokuwa akilini mwa kamati ilikuwa mume, mke na watoto. Nani angemgeuza kitandani mume huyo akifika miaka 75 na kupooza upande mmoja, hilo halikuwa swali la wakati ule.

Wenyeji hawakuhitaji kuulizwa. Wajomvu na Wachangamwe, mataifa mawili kati ya yale Thenashara ya Waswahili wa Mombasa, waliishi upande huu wa bara, ilipo Mikindani, kabla reli haijawazwa kufika, na kwao mgonjwa aliuguzwa na wanawake wa nyumba. Binti, mke wa mwana, mjukuu aliyekwisha kuvunja ungo, shangazi mjane asiye na pa kwenda. Katika nyumba za wenye mali kazi hiyo ya kuosha na kulisha na kukesha iliangukia watumwa, jambo ambalo wapenzi wa ustaarabu wa kale wa pwani huliruka haraka. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kule Kisauni, Freretown ilikuwa imeanzishwa na wamisionari wa CMS tangu 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao wakifika wamedhoofu. Watu hao walikuwa wamekatwa na ukoo wao kabisa. Walipozeeka hawakuwa na shangazi wala binamu wa kuwaangalia ila wenzao wa kijijini na misheni, na kwa maana hiyo wao ni miongoni mwa wazee wa kwanza wa bara ya Mombasa kutegemea watu wasiokuwa damu yao wala watumwa wao.

Hospitali zilikuja kwa rangi, kama kila kitu wakati huo. Wazungu walikuwa na yao karibu na bahari, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Katharine Bibby. Wahindi wakapata Pandya mwaka 1947. Waafrika walikuwa na ile ya serikali, mzizi wa Coast General ya leo. Mwaka 1949 kukaanzishwa baraza la kuwasajili wauguzi na wakunga nchini. Uingereza kwenyewe uuguzi wa kutembea nyumba kwa nyumba ulikuwa jambo la zamani: mwaka 1859 tajiri mmoja wa Liverpool, William Rathbone, alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyekuwa amemuuguza mkewe hadi kufa, aende akawauguze maskini wa mji majumbani mwao. Kilichofika kwetu zaidi, kwa maoni yangu, ni ule uuguzi wa wadi, wa sare nyeupe na saa ya kifuani na saa maalumu za kuwaona wagonjwa. Muuguzi wa Kenya alifundishwa kumngojea mgonjwa aje. Baada ya uhuru mafunzo yalianza kumgeukia mwanakijiji, na katikati ya miaka ya 1960 akapatikana muuguzi wa afya ya jamii, lakini kazi yake kubwa ilikuwa chanjo, uzazi na uzito wa watoto. Nchi ilikuwa changa na watu wake walikuwa wachanga. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu wa serikali, aliinuka hadi kuliongoza Baraza la Wauguzi la Kimataifa kuanzia 1981, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Heshima ilikuwepo. Wa kwenda kumfunga bandeji mzee nyumbani Changamwe hakuwepo.

Mikindani yenyewe iko ng'ambo ya Makupa, ukishapita Changamwe kwa barabara ya Nairobi. Kiutawala leo iko Jomvu, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 163,415. Kilichoibadilisha ni mpango wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia: serikali ipime, ichonge barabara, ilete bomba na mitaro, na aliyepewa kiwanja ajijengee kwa nguvu zake. Makarani wa bandari, mafundi wa reli, madereva, walimu, wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta, wote hao wakawa wenye ploti. Wakajenga kile kitu ambacho sera ya kikoloni haikukitazamia, nyumba ya mtu wa bara katika ardhi ya Mombasa, yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani choo na bafu vya wote. Mwenyewe akakaa chumba cha mbele, vingine akapangisha.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulioanzishwa mwaka 1965, ulimpa mstaafu fedha zake kwa mkupuo mmoja, na wengi waliutia mkupuo huo katika matofali na mabati. Kodi ya vyumba ikawa ndiyo pensheni. Sasa huwezi kwenda kuzeekea shambani huku wapangaji wako wako Mikindani. Ukiwapa kisogo miezi mitatu hulipwi. Wazee wakabaki. Watoto waliozaliwa hapo nao hawakuwa na kwao kwingine ila kwa jina, na walipopata kazi Nairobi au Doha wazazi wao walibaki na nyumba, wapangaji na presha.

Kabla ya wazee hao kuuguzwa, wao waliuguza. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI Kenya aligunduliwa mwaka 1984, na ilikuwa Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Miaka 15 hiyo ndiyo shule ngumu ya uuguzi wa nyumbani katika mitaa ya bara ya Mombasa. Barabara kuu ya malori, bandari, mabaharia, mishahara ya wiki: Changamwe, Jomvu na Mikindani zilikuwa njiani mwa yote hayo. Wadi zilijaa, hospitali ikawa inawarudisha nyumbani watu ambao haikuwa na cha kuwapa, na mtu wa miaka 30 alirudishwa kwa mama wa miaka 60. Mama akajifunza kuosha kidonda bila kujipaka damu, akajifunza kuchanganya maji ya chumvi na sukari, akajifunza kumlisha mtu mwenye utando mweupe mdomoni.

Makanisa na vikundi vya akina mama viliipa kazi hiyo umbo. Jimbo Kuu Katoliki la Mombasa lilikuwa na mradi wake wa afya ya jamii na misaada ya UKIMWI, na zahanati ya Kikatoliki ya Mikindani ilikuwa miongoni mwa milango ambayo watu waliijua. Wajitolea wa mtaa walifundishwa, wakapewa mkoba wenye glavu, dawa ya kusafishia vidonda, sabuni na dawa za maumivu, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2002 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma za nyumbani. Mwaka uliofuata dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa Coast General, kisha utafiti ukafanywa Mombasa wa kuwaangalia wagonjwa wakimeza dawa mbele ya mhudumu mara mbili kwa wiki, na Port Reitz, Likoni na kliniki ya Bomu kule Changamwe zikawa vituo vyake. Watu wakaanza kuinuka vitandani.

Lakini hesabu ya wale waliokwenda haikurudi. Mwana aliyekufa mwaka 1998 ndiye angekuwa na miaka 55 leo, ana nyumba yake na mke wa kumpikia mama uji. Nyumba nyingi zina pengo hilo katikati, bibi juu na wajukuu chini. Watu hupenda kusema kwamba wazee wanaachiwa watu wa kuajiriwa kwa sababu vijana wamekosa adabu. Huenda ni kweli kwa nyumba fulani. Kwa Mikindani mimi ningeanza kwa kuhesabu makaburi.

Wale wajitolea wa mkoba ndio waliofanya uuguzi wa kulipwa uwezekane. Ugonjwa uliwapa mikono yenye ujuzi, miradi ya wafadhili ilipofungwa ikawaacha bila posho, na mtaani tayari walijulikana. Mtu akipatwa na kiharusi, jirani anasema, kamwite fulani, alimuuguza kaka yangu. Hakuna kampuni, hakuna tangazo. Ameitwa kwa siku chache za mwanzo, amepewa kitu kidogo mkononi, mwezi umekwisha, sasa ni kazi.

Na ni kazi, tena yenye elimu yake. Mzee aliyepooza upande wa kulia amelazwa chumba cha mbele kwa kuwa ndicho chenye hewa. Mtunzaji anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya chai anamfunua na kumkagua mahali mfupa unapokutana na godoro: visigino, vifundo, nyonga, mfupa wa mkia, viwiko. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi, kwa hiyo anapapasa kwa mgongo wa mkono akitafuta sehemu iliyo na joto au iliyokaza kuliko jirani yake, maana kidonda cha kulalia huanzia ndani na kikishatoboka nje umechelewa. Anamgeuza kila baada ya saa mbili, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine chini ya mkono uliolegea ili bega lisichomoke. Shati huvishwa kwanza mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua mkono mzima ndio hutangulia. Ukifanya kinyume utamsikia mzee akipiga kelele na hutajua kwa nini. Haanzi kumlisha mpaka amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, na uji unakuwa mzito kuliko ambavyo mzima angependa, kwa sababu koo lililolegea hupitisha maji mepesi kwenye mapafu.

Halafu kuna maji. Mtu asiyetoka kitandani anataka kuogeshwa kila siku na mashuka yanataka kufuliwa kila siku, na mabomba ya mtaa huu yana kiburi. Mitungi ya lita 20 hununuliwa kwa mkokoteni. Maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na ngozi ya mzee ikioshwa nayo inakauka na kupasuka, kwa hiyo mtunzaji mwenye akili huyaweka kando kwa kufulia na kuhifadhi matamu kwa mwili.

Aibu nayo ina sehemu yake. Mwana wa kiume hawezi kumuogesha mamake, na mama mwenyewe angekufa kabla hajakubali. Mkwe naye ni mtihani. Ndiyo maana wazee wengine, ukiwauliza kwa faragha, huona nafuu mgeni awaoshe kuliko damu yao. Katika nyumba za Kiislamu familia husisitiza mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume, na wanaume wa kazi hii ni wachache. Mtunzaji aliyetoka bara, Mkristo, hujifunza kukigeuza kitanda kielekee kibla, kumtawadhisha mgonjwa kwa wakati, na kumsogezea udongo safi wa kutayamamu daktari akikataza maji kwenye kidonda. Sijaona mtaala wa chuo unaolifundisha hilo.

Waliohitaji kuuguzwa hawakuwa wazee peke yao. Kijiji cha Owino Uhuru, kilicho hapo hapo Mikindani, kilikaa ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kukuu kilichoanza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda hicho hadi mwanawe mchanga alipokutwa na madini ya risasi mwilini, akageuka kuwa mpinzani wake mkubwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaipindua amri hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kuuacha hivyo. Fidia huzungumzwa kwa mabilioni, lakini anayeshinda na mtoto asiyeweza kujifunza ni mamaye, na hapo hakuna shifti ya usiku inayokuja kumpokea.

Matukio ya hivi karibuni yameusukuma uuguzi wa nyumbani mbele kwa fujo kuliko kwa mpango. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma miezi mitano, kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba, na aliyekuwa na mgonjwa nyumbani alimkodi muuguzi yule yule aliyegoma, aje jioni kubadilisha mpira wa mkojo. Ilipofika Juni 2020, katika miezi ya Korona, Wizara ya Afya ilitoa utaratibu wa kuwaangalia wagonjwa majumbani, na watu waliokuwa wakidhani kwamba ugonjwa hutibiwa hospitalini tu wakajikuta wanapima joto na kuhesabu pumzi sebuleni. Septemba 2023 Rais Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye mkoba wa kupimia presha na sukari. Hao hupita Mikindani, hupima, huandika, huondoka. Ni msaada, lakini kumgeuza mtu kila saa mbili hakumo katika mzunguko wao.

Ama wagonjwa wa saratani walio ukingoni, Coast Hospice, yenye makao yake katika uwanja wa Coast General, imekuwa ikiwafuata majumbani na kufundisha jamaa kutoa mofini kwa kipimo. Kama kuna mahali kazi hii ilifanywa kitaalamu tangu mwanzo katika Mombasa, ni hapo.

Kwa wengine sheria imesimama nusu ya njia. Muuguzi aliyesajiliwa anajulikana na Baraza la Uuguzi, ana leseni, akikosea anaitwa kujieleza. Mtunzaji hajulikani na yeyote. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia na serikali, na serikali hutimiza sehemu yake kwa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70. Bima ya NHIF kwa miongo mingi ililipa kitanda cha hospitali, kwa hiyo familia ilipata unafuu mgonjwa akiwa ndani na ikalemewa siku ileile aliporuhusiwa kutoka.

Walioiona faida ya kazi hii mapema ni wa ng'ambo. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi, na Februari 2022 Uingereza ikawafungulia watunzaji viza. Septemba 2024 ukaja mkataba wa ajira na Ujerumani. Vyuo vya kufundisha utunzaji wa wazee vikaota Mombasa kama uyoga, vijana wakalipa karo wakiwa na macho yao Manchester, wakafanyia mazoezi kwa babu zao. Kisha Julai 22, 2025 Uingereza ikaufunga mlango kwa watunzaji wapya kutoka nje. Mwenye cheti mkononi sasa anabisha hodi Nyali, Tudor na Mikindani, na familia inayomfungulia haina uwezo wa Manchester.

Tangazo la mishahara ya chini lililoanza Mei 2022 liliweka shilingi 15,201.65 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hiyo ilikuwa Inua Jamii ya miezi saba na nusu na ushee. Orodha ya wanaohesabiwa katika kundi hilo inamtaja mfagiaji, mtunza bustani, tarishi, mlinzi wa mchana, mtumishi wa nyumbani na yaya wa watoto. Mtunzaji wa wazee hakutajwa, kwa hiyo ataingizwa kwa jina la mtumishi wa nyumbani, na mwajiri ataona ni haki yake kumtuma sokoni, apike, aoshe vyombo, amchukue mtoto shuleni, huku mzee amelala upande mmoja tangu asubuhi.

Watunzaji wazoefu wa mtaa wamejifunza kuyamaliza hayo mlangoni, kabla hawajavua viatu. Shifti ya mchana au ya usiku. Mshahara na siku ya kulipwa. Nauli ya matatu. Chakula. Nani atamshika mgonjwa miguu wakati wa kumhamisha, maana mtu mmoja hawezi. Nani atapigiwa simu mgonjwa akibadilika usiku wa manane, na huyo simu yake iwe haizimwi. Na nani atafua mashuka. Hili la mashuka ndilo huvunja kazi nyingi.